Sumaku ya Pini na Dira ya Mume Wangu

Mume wangu alilala msituni akiwa amelowa mpaka magotini, na aliyesababisha ni mimi. Mwenyewe alipokuwa hai tulilitaja jambo hili kwa kucheka. Sasa binti yetu wa mwisho ameolewa na kijana anayependa kuwinda, naye binti mwenyewe ameanza kufuatana naye, na kila wakikata kibali cha msimu mimi silali. Kwa hiyo naandika. Mwenye mwindaji ndani ya nyumba asome, na mwindaji mwenyewe akisoma ndiyo bora zaidi.

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na mtoto mmoja. Yeye alikuwa fundi seremala, mimi nilishona nguo pale pale nyumbani, cherehani langu likiwa chini ya dirisha la sebuleni ili nipate mwanga. Siku ya kununua dira tulikwenda wote wawili. Duka lilikuwa la vifaa vya shamba na vya safari, na mwenye duka tulimwita Miwani, maana kila ukiingia ulimkuta anaitafuta miwani yake huku ameipandisha kwenye paji la uso. Alitoa dira tano akazipanga juu ya kabati la kioo. Moja ilikuwa ya rangi ya shaba, ina kifuniko kama cha saa za zamani, inang'aa kweli kweli.

"Hii," nikasema.

"Mama watoto, tunanunua dira au hereni?"

Miwani alicheka mpaka miwani ikamshukia puani yenyewe.

Mume wangu hakuwa mtu wa pupa. Mbao aliipima mara tatu kabla ya kuikata mara moja, na siku ile alifanya vivyo hivyo. Alisema kabati lina fremu ya chuma, akazihamishia dira kwenye benchi la mbao karibu na mlango, akaziachanisha zisije zikavutana zenyewe kwa zenyewe. Kisha akachuchumaa kutazama ncha nyekundu ya kila moja inaelekea wapi. Nne zilikubaliana. Ile ya shaba, mchumba wangu, ilikuwa na mambo yake. Akazigusa moja moja kwa kidole. Sindano nzuri hucheza kidogo ikatulia, mbovu hukwama, au huzunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Akazinyanyua kwenye mwanga kutafuta povu la hewa ndani ya maji yake. Mwisho akachagua ya plastiki ngumu, haina urembo wowote, kitako chake kinapitisha mwanga, pete yake ya namba inazunguka bila kulegea, na ina kamba ya shingoni.

"Mtu akianguka mtoni," aliniambia, "kamba ndiyo inayobaki na akili."

Jioni ile alinifundisha uani, kati ya kamba za nguo. Nilikuwa na mkasi kwenye mfuko wa aproni.

"Toa huo mkasi. Chuma kinaitongoza sindano."

"Kumbe inatongozeka kirahisi hivyo?"

"Si kama wewe. Wewe ulinisumbua miaka miwili."

Akanieleza kuwa hata bunduki, mtu akitaka kusoma dira, aiegemeze kwenye mti asogee hatua kadhaa. Dira ishikwe kifuani, ilale sawasawa kama sahani ya mchuzi. Mshale wa kitako uelekezwe kule unakokwenda, halafu pete izungushwe mpaka ncha nyekundu iingie kwenye alama yake. Namba inayosomeka pale ndiyo njia yako. Ukitaka kurudi, hugusi pete. Unageuka wewe mpaka mkia mweupe uingie pale ilipokuwa ncha nyekundu, unafuata mshale. Na jambo moja alilirudia mpaka likanichosha: namba isomwe barabarani, kabla mguu haujaingia msituni.

"Dira inajua kaskazini iko wapi," alisema. "Wewe umetoka wapi, haijui. Ukikumbuka kuiuliza ukiwa umeshapotea, itakutazama tu."

Akanifunika taulo kichwani nione dira peke yake. Nikaenda hatua ishirini, nikarudi ishirini, nikajigonga kwenye beseni la kufulia.

"Umekosea hatua mbili."

"Mimi sijakosea. Beseni ndilo limesogea."

Nikiikumbuka jioni ile naisikia mpaka harufu ya sabuni kwenye taulo.

Mvua zilipoanza msimu ulifungwa. Dira ilikuwa ikining'inia kwenye msumari chumbani, na mtoto wetu alikuwa amefikia umri wa kupanda kila kitu. Siku moja nilimkuta juu ya kitanda anainyoshea mkono. Nikaitoa, nikaitia kwenye droo ya cherehani na kuifunga. Nilijiona nina akili. Ndani ya droo ile ndimo nilimoweka sumaku ya kuokotea pini, sumaku nene iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu. Ukiipitisha sakafuni, pini zote zinairukia. Dira ililala ubavuni mwake miezi mitatu.

Msimu ulipofunguliwa nikaitoa mwenyewe, nikaifuta vumbi, nikamvisha shingoni.

Alikwenda na kaka yangu, ambaye wenzake walimwita Mluzi kwa sababu hakuweza kutembea hatua kumi bila kupiga mluzi, na mtu wa hivyo kumpeleka kuwinda ni mtihani. Ilikuwa Jumamosi, mawingu yametanda tangu alfajiri. Walisema saa nane mchana watakuwa wamerudi. Saa nane ikapita. Saa kumi nikawa nashona mkono wa gauni kinyume, nafumua, nashona tena kinyume. Usiku ule sitaki kuueleza.

Jumapili mchana lori la mbao lilisimama mlangoni. Mume wangu akashuka, akamshusha kaka yangu, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Nililia, nikapasha maji ya moto, nikalia tena.

"Dada," kaka akaniambia mguu ukiwa ndani ya beseni, "mumeo ni mbishi sijapata kuona. Barabara iko mashariki ya msitu, hata mtoto anajua. Tukafuata nyayo za paa mpaka zikapotea. Nikasema turudi. Akatoa dira, tukaenda. Saa nzima! Nikamwambia, shemeji, mbona miti inazidi kunenepa? Karibu na barabara miti ni myembamba. Akasema, shemeji, nyamaza, huku ndiko mashariki. Nikanyamaza mpaka tukaingia kwenye tope."

"Ulinyamaza lini wewe?" mume wangu akasema. "Ulipiga mluzi mpaka tulipokwama."

Kaka aliteleza kwenye lile tope, na giza likawakuta hapo. Asubuhi wakasikia msumeno wa wakata mbao, wakaufuata. Kama ingekuwa si siku ya kazi kwa wale watu, mimi sijui.

Mume wangu akaivua dira akaiweka juu ya meza ya kulia. Siku zote, mezani pale, ncha nyekundu ilielekea chumbani. Sasa ilielekea jikoni. Akaizungusha, ikarudi jikoni.

"Miwani ameniuzia takataka," akasema. "Nimembeba shemeji mgongoni kwa ajili ya takataka. Kesho atanisikia, na wateja wake watanisikia."

Nikaenda kuchukua pini nimshonee suruali iliyochanika. Nikafungua droo, nikaiona sumaku na ndevu zake za pini. Niliona kila kitu kwa mara moja. Na sikusema. Nilimtazama kaka na mguu wake, nikamtazama mume wangu macho mekundu, nikafunga droo.

Jumatatu nilimfuata dukani, nikamdanganya kwamba nahitaji uzi wa duka la jirani. Njiani nilijiambia, nikifika mlangoni nasema. Mlango ukapita. Duka lilikuwa na watu watano au sita. Mume wangu akaibwaga dira juu ya kabati.

"Angalia ulichoniuzia. Ingeniua hii."

Miwani akaichukua, akaenda nayo kwenye benchi, akaweka nyingine mbali kidogo. Moja huku, moja huku, zimepeana mgongo. Uso wake ukasawijika.

"Fundi, umenijua tangu lini? Nimewahi kukuuzia kitu kibovu?"

"Hicho hapo."

Mteja mmoja aliyekuwa ameshika tochi mpya akairudisha taratibu juu ya kabati. "Basi mimi nitaangalia kwingine," akasema. Miwani akaitazama ile tochi. Nikamwona anavua miwani, anaifuta, na haikuwa na uchafu wowote.

"Niliiweka na sumaku," nikasema.

Mume wangu akageuka. "Nini?"

"Miezi mitatu. Kwenye droo. Sumaku ya pini. Miwani hana kosa, mimi ndiye niliyeigeuza. Nimejua tangu jana."

Watu wote walinitazama. Nilingoja anifokee, na angenifokea ningekubali. Badala yake alikaa kwenye lile benchi.

"Na mimi sikuisoma barabarani," akasema.

Miwani akaweka mkono kichwani. "Ee, fundi! Kama ungeisoma barabarani, hata ikiwa imegeuka, ingekudanganya kwenda na kukudanganya kurudi, ungetokea pale pale."

"Najua. Niliona msitu naujua. Nikaona aibu kusoma dira mbele ya shemeji kama mgeni." Akainuka, akaichukua ile tochi, akaitia mkononi mwa yule mteja. "Nunua, bwana. Duka hili ni zuri. Ubovu umetoka kwangu." Akamwomba Miwani radhi mbele ya wote. Mimi sikusamehewa kwa maneno. Alinibebea uzi mpaka nyumbani, na nilikuwa nimenunua koni mbili tu.

Tukachukua dira nyingine. Kuanzia mwaka ule mpaka magoti yake yalipokataa, hakuwahi kuondoka kabla sijaikagua mimi uani, na kila aliporudi aliingia mlangoni akiitaja namba kabla hata ya salamu, kusudi nijue aliisoma. Mia mbili sabini na tano. Mia mbili themanini. Mpaka leo namba hizo zikitajwa popote, hata redioni, nasikia viatu vyake.

Juzi nimemkuta binti yangu ameweka dira mfuko mmoja na simu yenye kava la kujifunga kwa sumaku.

"Mama, mbona hata simu yenyewe ina dira?"

"Na chaji inayo?"

Ameihamisha, lakini alicheka, na kicheko chake sijakiamini. Jumamosi wanaondoka. Nimemwambia mkwe wangu wakifika ukingoni mwa msitu wasimame, waisome, wanipigie kabla hawajaingia wanitajie namba, niiandike ukutani kwa chaki yangu ya kushonea. Amesema, sawa mama. Wasipopiga mpaka saa moja asubuhi, nitapiga mimi.