Waliokuja Kuiandika Nyumba

Mjane alianza kuchomoa matambara ukutani jua likichomoza. Nyumba ilikuwa ya mawe matupu, jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na kila mwanya ulioingiza upepo wa bahari alikuwa ameuziba kwa kitambaa: kola ya shati la marehemu mumewe, nepi ya kitinda mimba wake. Paa lilishaporomoka, ikabaki pembe moja. Hapo ndipo alipokuwa akilala.

Wifi yake alimkuta akiburura kitanda.

"Wifi, unahama?"

"Nihamie wapi? Wapimaji wa serikali wanakuja kuiandika nyumba. Waje wayaone matandiko haya? Aibu hiyo nani ataibeba?"

"Ibebe mwenyewe, umeizoea," wifi akacheka, akashika mguu wa kitanda.

Vitu vyote wakavipeleka kwa wifi. Mjane akazoa majivu mekoni, akafagia, akanyunyiza maji. Akamshukuru Mungu. Nyumba ikishaandikwa kuwa yake, mwenye hoteli ya jirani hataweza tena kumfukuza ufukweni.

Wapimaji walikuwa wawili, vijana wa adabu. Walivuta futi kona hadi kona, wakapiga picha ndani.

"Kuta safi sana hizi," mkubwa wao alimwambia mwenzake. "Andika: gofu. Halina mtu."

"Mtu wake ni mimi, mwanangu."

"Ah, shikamoo mama. Unakaa humu?"

"Marahaba. Nimezalia humu."

"Unalala wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Pale palikuwa na sakafu mbichi, yenye alama za ufagio.

"Vyombo je?"

"Viko kwa wifi yangu."

"Basi unakaa kwa wifi yako."

"Niliviondoa kwa heshima yenu, baba."

"Kitanda chake kiko kwangu!" wifi akadakia. "Nikilete?"

"Shangazi, tukikiona kinaletwa tutaandika kimeletwa. Sisi tunaandika tulichokikuta. Mama akiwa na neno, aende ofisini."

"Ofisini nilikwenda," mjane alisema taratibu. "Wakaniambia nirudi nyumbani, niwasubiri ninyi."

Kijana akatazama chini, halafu akatazama saa. Ilibaki picha moja, ya mlangoni.

"Mama, tusaidie kusogea. Unaingia kwenye picha."

Akasogea.

"Bado mkono, mama."

Akautoa juu ya jiwe, akauficha ndani ya kanga.