Mwalimu Barraclough Akataa Fedha ya Joto

Gerald Barraclough alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Todmorden, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, na ingawa alistaafu zamani, mtaa mzima bado tunamwita Mwalimu. Nyumba zetu za mawe zimeshikana ukuta kwa ukuta, zinapanda mlima kama ngazi. Mimi na mkewe Noreen tumekuwa tukipiga soga, kila mmoja upande wake wa kile kiukuta kifupi cha uani, tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine Noreen alinihadithia huku akianika nguo.

Mambo yalianza vuli ile serikali ilipobadili tena utaratibu wa fedha ya joto, ile wanayopewa waliofika umri wa pensheni ili iwasaidie kulipia gesi na umeme baridi ikikaza. Safari hii walisema kila mzee atapewa, lakini yule ambaye kipato chake cha mwaka kinazidi pauni elfu thelathini na tano, watu wa kodi wataichukua tena yote, kidogo kidogo, kutoka kwenye pensheni yake. Asiyetaka kupewa na kunyang'anywa, aseme mapema asipewe.

Mwalimu alizifurahia habari hizo kuliko mtu yeyote mtaani. Si kwa sababu angepata. Ni kwa sababu asingepata.

"Mimi nimevuka kiwango," alimwambia muuza magazeti. "Nimevuka kidogo tu, lakini nimevuka." Akamwambia kinyozi. Akamwambia na daktari wa meno, ingawa mdomo wake ulikuwa umejaa pamba.

Akaandika kwamba hataki kupewa, kisha akakaa siku kadhaa na uso wa mtu aliyetoa sadaka kubwa. Noreen alimtazama tu. Yeye alifanya kazi ya saa chache kwa siku katika duka la nyuzi za kufumia, pensheni yake ni ndogo, na sheria inamhesabu kila mtu peke yake hata kama mnalala kitanda kimoja. Wanaoishi wawili hupewa pauni mia kila mmoja, kwa hiyo mume alipokataa zake, za mke zilikuja kama kawaida.

Noreen alinunua hita ndogo ya umeme, akaiweka miguuni mwa kiti chake sebuleni, ikimtazama yeye. Hita kubwa za ukutani zilikuwa chini ya amri ya Mwalimu, na Mwalimu haziwashi kabla ya saa kumi jioni.

"Igeuze kidogo huku, mama," Mwalimu alisema siku ya kwanza ya barafu.

"Hii? Hii ni ya maskini, mzee wangu. Itakudhalilisha."

"Noreen."

"Mtu aliyevuka kiwango hapaswi kuonekana akiota joto la serikali. Watu wakipita dirishani watasemaje?"

Mwalimu akavaa koti lake la kutembelea milimani, akakaa nalo ndani akisoma gazeti kwa glavu. Kufunua kurasa kulimchukua muda mrefu. Mbwa wao, Bramble, ambaye miaka yote alilala miguuni pa Mwalimu, aliinuka, akajinyoosha, akahamia upande wa pili.

"Hata wewe?" Mwalimu akamwambia.

"Amepima kipato chake, akaona hajavuka," Noreen akajibu kwa niaba ya mbwa.

Siku hiyo nilicheka hadi ikabidi niushike ukuta. Noreen naye alicheka, ila aliniambia kwamba usiku humwekea mumewe chupa mbili za maji moto kitandani, naye hujifanya haoni.

Sasa, kila Alhamisi wazee wa hapa hula chakula cha mchana pamoja katika ukumbi wa kanisa. Hilary, anayesimamia jiko, aliona watu wanababaishana kuhusu fedha hii. Huyu anasema ukiwa na akiba hupati, yule anasema ukipokea utafungwa. Akamwomba Mwalimu awaeleze baada ya pai na viazi. Mwalimu hakukataa. Hajawahi kukataa kusimama mbele ya watu.

Lakini Mwalimu, pamoja na majivuno yake, hafundishi somo ambalo hajaliandaa. Jumatano alikaa mezani na kompyuta ya binti yao, akasoma sheria mstari kwa mstari. Noreen alikuwa anamenya karoti. Anasema alisikia mumewe akisoma kwa sauti, akiitikia "ndiyo, ndiyo," halafu akaacha katikati ya mstari. Alipogeuka akamkuta amevua miwani.

"Vipi?"

"Hakuna kitu."

"Gerald, umekuwa mweupe kama hii sahani."

Ikatoka taratibu. Ile riba ya akiba yake, ile akiba maalumu isiyotozwa kodi, haihesabiwi. Yeye aliijumlisha. Ukiitoa, "mume wangu tajiri", kama Noreen alivyomwita akinihadithia, anabaki chini ya kiwango na nafasi ya kupumulia.

"Kwa hiyo nilikuwa naganda bure," Mwalimu akasema.

Noreen alikuwa na maneno mengi mazuri tayari mdomoni. Anasema aliyameza, kwa sababu aliona hilo la kuganda silo lililomuumiza. Mzee wa watu alikuwa ameteremshwa cheo.

Kesho yake ukumbi ulijaa, na mimi nilikuwepo. Mwalimu alieleza vizuri, lazima niseme. Kila mtu na kipato chake, mke na mume hawajumlishwi. Ukizidisha hata pauni moja, inarudi yote. Usipozidisha, ni yako, usimwogope mtu. Akiba isiyotozwa kodi waiache nje ya hesabu. Hapo sauti yake ilipungua kidogo.

Mbele kabisa alikaa Stanley Ogden, dereva wa basi mstaafu, mjane, rafiki yake wa tangu utotoni. Hawa wawili hawajawahi kuambiana neno jema hadharani.

"Swali, Mwalimu," Stanley akasema. "Sisi akina sie tumeelewa. Wewe tajiri wetu, watakuchukulia kiasi gani?"

Watu wakacheka. Mwalimu akatazama karatasi yake, akaikunja.

"Hawatachukua kitu," akasema. "Nilijumlisha vibaya. Sijavuka kiwango chochote. Niko nanyi humu humu."

Kicheko kilichofuata kilitikisa vikombe. Muuza magazeti alipiga meza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Karibu nyumbani, Mwalimu." Noreen alijifuta macho kwa leso. Ila Stanley hakucheka, na hilo ndilo lililomfanya Mwalimu amtazame tena.

Wakati wa chai akamvuta pembeni, karibu na meza yetu.

"Na yako imeshaingia?"

"Yangu ipi?"

"Usinifanye mjinga, Stan. Pauni mia mbili za mtu anayeishi peke yake."

Stanley akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Nilikataa."

"Ulikataa? Pensheni yako haifiki hata nusu ya kiwango."

"Wewe ulikataa. Ulisema pale kwa kinyozi kwamba mtu mwenye heshima haombi joto. Mimi nami nina heshima. Si ya elimu, lakini ninayo."

Mwalimu akaweka kikombe chake mezani. Kisha akauliza ndani kwa Stanley kuna joto gani siku hizi.

"Jikoni pako sawa," Stanley akasema. "Nikioka."

Mwalimu hakungoja chai yake ipoe. Akamshika mwenzake mkono wa koti, akamteremsha hadi nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kiti cha Noreen, mbele ya ile hita. Akapiga simu ofisi ya pensheni. Muziki ukalia muda mrefu. Hatimaye akajibu mwanamke mwenye sauti ya upole, akamuuliza sababu ya kubadili mawazo.

"Nilikosea hesabu," Mwalimu akanong'ona.

"Samahani, baba, sijakusikia."

"Sema kwa sauti, darasa la nyuma halisikii," Stanley akasema kutoka kwenye joto.

"Nilikosea hesabu," Mwalimu akasema, na mimi, niliyekuwa nimesharudi kwangu upande wa pili wa ukuta, nilisikia kila neno. "Na mwenzangu hapa alikosea kwa sababu alinisikiliza mimi. Tuanze na yake."

Ya Stanley iliingia kabla ya Krismasi kwisha. Ya Mwalimu ilichelewa hadi Machi, maua ya manjano yameshatoka kando ya mfereji na watu wanatembea bila makoti. Siku ilipoingia, Mwalimu aliwasha hita zote za ukutani tangu asubuhi, kwa makusudi, na kufikia saa sita yeye, Noreen na Stanley walikuwa wamekaa nje kwenye ngazi, milango wazi, wakilalamika joto.