Tairi za Gari la Mkwe

Kuna watu wakinunua mkaa watakueleza mpaka mti uliochomwa. Fundi tairi wa mtaani kwetu ni wa namna hiyo. Tunamwita Sawasawa, kwa sababu hakuna kazi anayoimaliza bila kukung'uta mikono na kusema, "Sawa kwa sawa." Tairi ya baiskeli, sawa kwa sawa. Tairi ya lori la mchanga, sawa kwa sawa. Mimi nauza betri za magari ukuta mmoja naye, na wimbo huo nalala nao na kuamka nao. Ni mtu mwema, tena kazi anaijua, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia habari hii. Angekuwa mbumbumbu, aibu ingekuwa nusu.

Binti yake amekulia pale kibandani, akichezea vifuniko vya valvu kabla hajajua kusoma. Aliolewa na mtoto wa mchapaji mmoja, mzee mpole mwenye duka la kuchapa kadi na mabango, na kwa kuwa mumewe kazi yake ni ya kusafiri, anaishi na wakwe zake. Mchapaji huyo ana ugonjwa mmoja tu: gari la spoti. La bluu, limelala chini kama paka anayevizia, na halivuti kwa magurudumu mawili kama magari yetu sisi kina pangu pakavu. Linavuta kwa yote manne. Wanawe wa kuwazaa hawakuruhusiwa hata kuegemea boneti. Ufunguo alimpa mkwewe. "Huyu ana mkono mtulivu," alisema, na tangu siku hiyo binti ndiye aliyempeleka mama mkwe kliniki ya macho, ndiye aliyelipeleka gari kuoshwa. Mke aliyekuja nyumbani kwa watu akapewa ufunguo ambao wenye nyumba wananyimwa, huyo ameaminiwa kweli.

Siku mchapaji, mkewe na binti walipolileta gari kubadilishwa tairi, Sawasawa alivaa shati jeupe kazini. Tulimcheka, lakini tulimwelewa. Mkwe hakutembelei kibandani kila siku.

"Mkwe," mchapaji akasema, "nataka nyuma lijae. Tairi pana, gari lionekane limekaa."

"Umefika," Sawasawa akajibu, akaanza kuviringisha mali. "Mbele tunaweka mia mbili ishirini na tano kwa arobaini. Nyuma, mia mbili hamsini na tano kwa arobaini. Arobaini mbele, arobaini nyuma."

Binti alikuwa ameinama anasoma maandishi ya ubavuni. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hizi za nyuma si zitasimama juu kuliko za mbele? Kwa upana huu si tutafute thelathini na tano?"

Sawasawa akawageukia wakwe zake, meno yote nje. "Mmemsikia huyu? Juzi tu nilikuwa namfunga kamba za viatu, leo ananifunza tairi! Mwanangu, wewe endesha. Tairi niachie mimi."

Wakacheka wote. Binti naye akacheka, maana baba habishiwi mbele ya wakwe.

Sasa, mtoto alikuwa amesema kweli. Ile arobaini si kipimo cha kimo. Ni sehemu ya upana, arobaini katika kila mia, na kama vile nusu ya sufuria kubwa inavyoshinda nusu ya sufuria ndogo, arobaini ya tairi pana inaipita arobaini ya tairi nyembamba. Kwa magari mengi tungesema haina neno. Lakini gari linalovuta kwa magurudumu yote, mbele na nyuma vimeshikanishwa na difu ya kati, mashine inayogawa mwendo wa magurudumu. Difu hiyo inavumilia tofauti kidogo gari linapokata kona, kisha inapumzika. Tairi zikipishana kimo, zile fupi zinazunguka haraka kuliko zile ndefu muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, na difu haipati pumzi. Inachemka mpaka inaungua.

Sawasawa aliyajua hayo. Jioni, akiwa anafunga kibanda, yalimrudia kichwani yote jinsi yalivyo, nikamwona amesimama na kufuli mkononi kama mtu aliyesahau nyumba yake. Angeweza kupiga simu. Lakini kupiga simu kulikuwa ni kumwambia mkwe kwamba yule aliyechekwa ndiye alikuwa sahihi. Tofauti yenyewe ni unene wa kidole, akajiambia, gari halitajua.

Gari lilijua. Haukupita muda mrefu likaanza kulalamika kwenye kona, kisha kunuka mafuta yaliyoungua, na siku moja likajikaza katikati ya mzunguko wa barabara, mama mkwe akiwa ndani na dawa zake za macho, magari nyuma yanapiga honi, na binti ameshika usukani usiokwenda popote.

Mchapaji alimwomba Sawasawa waende wote gereji, awe jicho lake. Fundi wa giaboksi, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshaifungua difu na kuilaza kwenye sinia. Vyuma vilikuwa vimebabuka na kuwa vyeusi.

"Imekufa," akasema.

"Imeuawa na nini?" mchapaji akauliza.

"Mambo mawili. Ama tairi hazilingani, ama dereva analikamua gari."

Mchapaji hakufikiri hata kidogo. "Tairi ziliwekwa na mkwe wangu huyu hapa. Basi tairi hazina neno." Na akamgusa Sawasawa begani.

Lile bega, Sawasawa alimwambia mkewe baadaye, lilimwasha siku nzima. Kwa sababu tairi zenyewe zilikuwa zimevuliwa na kuegemezwa ukutani, ya mbele kando ya ya nyuma, na hata mtoto angeona ipi ndefu. Wenzake walipoinamia tena sinia, yeye akaisogelea ile ya nyuma, akaiviringisha taratibu hadi nyuma ya pipa la oili chafu, kama mtu anayepisha njia. Alipoinua uso akakutana na macho ya binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mama mkwe uliosahaulika garini. Binti akawahi kutazama pembeni. Hata katika kuona aibu, mtoto alimwahi baba yake.

Wiki hiyohiyo Sawasawa na mkewe wakaitwa ukweni. Kilikuwa kikao cha adabu, chenye vinywaji baridi na glasi zilizotolewa kabatini kwa ajili ya wageni. Ufunguo wa gari ulikuwa juu ya meza, katikati, na hakuna aliyeutazama.

"Mimi nilikuwamo ndani," mama mkwe akasema. "Sikuona kama anakimbiza. Lakini macho yangu mnayajua."

"Gari ni chuma, litatengenezwa," mchapaji akasema. Alionekana mgonjwa. "Kinachoniumiza ni kwamba nilimwamini. Wanangu nimewanyima, nikampa yeye."

Binti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani. "Nisameheni, baba," akamwambia mkwewe. "Huenda nililikamua bila kujua. Sitaligusa tena."

Maneno alimwambia mkwewe, lakini macho alimwelekezea baba yake. Kisha akanyamaza. Sebule nzima ikanyamaza naye. Palikuwa na nafasi pale ya mtu kukohoa, kusogea mbele kidogo na kusema neno moja. Sawasawa aliiona nafasi hiyo, na kwa kuwa ni mtu asiyevumilia kimya, akaijaza.

"Ah, mkwe! Vijana wa leo wana mguu mzito!" akasema, akacheka. "Hata kwetu alikuwa hivihivi. Baiskeli yangu aliivunja pedeli!"

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mchapaji alitabasamu kwa heshima. Mama mkwe akatikisa kichwa kama aliyethibitishiwa jambo. Binti akasimama, akakusanya glasi, akaenda jikoni.

Mkewe Sawasawa hakuwa ameambiwa lolote kuhusu tairi. Lakini alikuwa amelala kando ya mtu huyo siku hizo zote na kumsikia akigeuka. Walipoaga na kufika getini, akamshika mkono wa shati.

"Mzee, pedeli ya baiskeli aliivunja nani?"

"Twende bwana, giza linaingia."

"Jua lote hili? Nakuuliza. Pedeli uliivunja wewe, ulikuwa unashindana na mwenye betri. Mtoto alikuwa hata hajaanza shule." Naam, mwenye betri ndiye mimi, na ni kweli. "Sasa niambie na hilo gari ni nani."

Sawasawa akageuka kuutazama mlango waliotokea. Aibu kumbe huwa haiji pale unapotenda, inakusubiri getini. Alijiona jinsi alivyokuwa anacheka mle ndani, mdomo wazi, mbele ya mtoto aliyejitwisha mzigo wake bila kuombwa. Alitamani ardhi ipasuke. Akamwambia mkewe kila kitu, hata habari ya pipa la oili. Mkewe hakumtukana. Alimwachia mkono tu, na hilo lilimchoma zaidi.

Wakarudi ndani. Mchapaji alikuwa bado amekaa palepale.

"Umesahau kitu, mkwe?"

"Mkwe, kuna jambo la kitaalamu," Sawasawa akaanza, akiwa amesimama. "Unajua tairi ina upana, halafu ina uwiano, sasa ule uwiano ukiuchukulia kwa upana tofauti, hasa kwenye mfumo huu wa magurudumu manne, inaweza kutokea, kwa namna fulani, kwamba kimo…"

Akaendelea hivyo, jasho linamtoka. Mchapaji alimsikiliza kwa subira, kisha akainua mkono.

"Mkwe, mimi ni mchapaji. Sijaelewa hata neno moja. Nani ameua gari?"

Sawasawa akatazama sakafu. Akamtazama mkewe. Hakupata msaada kokote.

"Mimi," akasema.

"Na ulipokuwa umekaa hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na kule gereji?"

"Na kule pia."

Mchapaji hakupandisha sauti, na mkewe Sawasawa aliniapia kwamba afadhali angepandisha. Akaukokota ufunguo kutoka katikati ya meza mpaka ukingoni, upande aliokuwa amekaa binti, akauacha hapo.

"Mimi si wa kuombwa msamaha," akasema. "Leo humu ndani kuna mtu aliyeomba msamaha, na hakuwa na kosa. Yuko jikoni."

Baba mtu mzima kuingia jikoni ukweni si jambo la mzaha, sembuse kuingia kumwomba radhi mwanawe, na wakwe wanasikia kila neno. Sawasawa alitembea kwenye ile korido kama anayepelekwa. Akasimama mlangoni. Binti alikuwa ameelekea sinki, bomba linatiririka, anaosha glasi walizonywea.

"Mwanangu," akasema. Maji yakamzidi sauti, akaanza upya kwa nguvu zaidi. "Mwanangu, uliniambia mapema nikakucheka. Nimeharibu gari, nikakuacha ubebe wewe. Nisamehe."

Binti akafunga bomba. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri. Hakugeuka.

"Difu nilikusamehe palepale gereji, baba," akasema. "Nilijua umeogopa. Lakini hapo sebuleni nilikupa nafasi, nikakutazama kabisa, na wewe ukawachekesha watu kwa jina langu. Hilo bado."

Akafungua tena bomba, akaendelea kuosha.