Miiba ya Ngitili Yarudi Kwao

Jumanne saa nne asubuhi Nyamizi alikuwa kibarazani kwake, mwendo mfupi kutoka Nkoma, akichomoa miiba ya nyasi kwenye pindo la suruali ya Method, afisa ugani. Method mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na khanga ya mwenye nyumba kiunoni, kwa sababu suruali ya kazini alikuwa nayo moja. Kila mwiba uliotoka Nyamizi aliuweka sakafuni. Mwiba ulitulia kidogo, ukajinyoosha, kisha ukaanza safari ya kurudi ulikotoka.

"Sogeza mguu, baba," alisema Nyamizi. "Unaizibia njia."

Method akasogeza mguu. Mwaka huo miiba ilikuwa mingi na ilitembea polepole kuliko ya mwaka uliopita, na watu waliilaumu mvua. Waendesha bodaboda walikuwa wamezoea kupunguza mwendo. Kuku nao walikuwa wameacha kuidonoa, maana mwiba uliomezwa uliendelea tu kwenda kwao, na kuku akalazimika kuusindikiza.

Shida ya Method ilikuwa kwenye kazi. Alitakiwa kutenganisha nyasi mbili zenye miiba ambazo zimefanana kwa urefu, rangi na hata kwa ubaya. Alikuwa na lenzi, simu iliyojaa picha, na shahada. Kila jioni alibandika sampuli kwenye karatasi na kuandika maelezo, na kila asubuhi alikuta karatasi tupu. Alikwisha kutuma karatasi tisa za namna hiyo wilayani, akapongezwa kwa usafi.

"Lenzi ya nini?" aliuliza Nyamizi. Aliokota suke moja bado likiwa na kishina chake, akalipitisha kwenye mdomo wa chini kutoka shinani kwenda nchani. "Hili linateleza. Ukilirudisha ndipo linakamata. Hizi ni za barabarani. Zile nyingine zinakamata ukiwa unapanda kwenda nchani, na hizo ni za ngitili. Zimeota humo tu, nje huzioni."

Nyamizi alikuwa amechambua pamba kwa miaka thelathini, na mwiba mmoja ukibaki kwenye pamba unaishusha daraja. Mdomo wake ulikuwa mgumu kama kisigino. Method alijaribu na wake, ukavimba siku mbili, lakini alielewa.

Bado alikuwa anaupapasa mdomo wakati Kabula alipoingia uani bila hata kupiga hodi. Kabula alikuwa mjane wa jirani. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yanamkuza mjukuu wake aliyefiwa na mama.

"Mayu, sungusungu wamemchukua ng'ombe wangu," alisema. "Wamekuta miiba mkiani. Bundala anasema nimemlisha ngitilini. Alhamisi wanamchinja."

Ngitili ni malisho ambayo wanakijiji huyafunga mvua zinapoanza, nyasi zikue, ziwafae wote kiangazi kikikaza. Anayeingiza mifugo kabla ya kufunguliwa, ng'ombe wake huchinjwa na kuliwa mkutanoni. Bundala alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ngitili. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, hodari wa kuhudhuria misiba, na sijapata kusikia mtu akimchukia. Mwaka huo ng'ombe wa wengine walihesabika mbavu, lakini wake, mia na arobaini, waling'aa kama waliopakwa mafuta.

"Lia kidogo, kisha unawe uso," Nyamizi alimwambia Kabula. "Mkia tutauona."

Alhamisi watu walikusanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba. Sufuria zilikuwa tayari motoni, na ng'ombe wa Kabula alikuwa amefungwa karibu nazo, akicheua bila wasiwasi. Kabula alikuwa na wasiwasi wa kuwatosha wote wawili. Bundala alieleza kosa. Nyamizi akaomba mkia, akachomoa masuke matatu, akayapitisha mdomoni moja baada ya jingine.

"Ya barabarani," alisema. "Yote matatu."

Bundala alicheka kwa upole. "Mayu, mdomo wako si maabara."

"Basi kijana wa serikali naye ajaribu."

Method alijaribu mbele ya umati, machozi yakamlenga, akatikisa kichwa kukubali. Kwa kuwa bado palikuwa na minong'ono, Nyamizi aliyaweka masuke chini. Yakajinyoosha, yakapita katikati ya miguu ya sungusungu, yakavuka uwanja na kwenda kukaa kwenye mtaro wa barabarani, pale pale ambapo Kabula humfunga ng'ombe wake kila siku. Hapakuwa na la zaidi. Kamba ilifunguliwa, Kabula akakabidhiwa ng'ombe wake, akamkumbatia shingoni na kumbusu puani. Alifurahi mno, na waliomwona wakafurahi pia.

Watu walipotaka kukaa, miiba mingine ikaanza kupita.

Ilitokea upande wa zizi la Bundala, nyuma ya ghala, katika msafara mpana kama barabara ya kuelekea Bariadi, na ilikuwa inakwenda ngitilini. Mingine ilishuka kutoka kwenye soksi za Bundala mwenyewe na kuungana na wenzao. Watu waliinua miguu. Wanawake waliinua mabeseni ya mchele. Method alihesabu hadi elfu nne, kisha akaketi. Nyamizi, bila kuombwa, aliokota suke moja, akalipitisha mdomoni likapanda na kukamata, akasema, "La ngitili," na kulirudisha taratibu lisipoteze nafasi yake kwenye foleni.

Bundala alitazama kama wengine.

"Imekuwa mingi mwaka huu," alisema.

"Mingi kweli," walimjibu.

Katibu aliuliza aandike nini. Bundala alifikiri kidogo, akamwambia aandike kwamba mkutano ulisimama dakika hamsini kupisha miiba. Katibu akaandika, kwa mwandiko mzuri sana.

Ikabaki kwamba maji yamechemka na nyama hakuna. Bundala alisema haiwezekani watu waondoke na njaa, akaagiza fahali mmoja aletwe kutoka zizini kwake. Nimeambiwa haijapata kuliwa nyama kama ile pande hizo. Mafuta yalichuruzika hadi viwikoni. Mzee mmoja aliuliza, "Hivi huyu alikuwa anakula nini?" na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, Bundala akiwazidi wote kwa sauti.

"Wabeja, Bundala! Wabeja sana!" watu walimshukuru.

Wakiwa bado wanatafuna, katibu alikumbusha kwamba kamati ya ngitili imemaliza muda wake na lazima achaguliwe mwenyekiti. Jina lililotajwa lilikuwa moja. Anayemtaka Bundala anyooshe mkono.

Kabula alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wake kwa mkono wa kushoto na pande la nyama kwa mkono wa kulia. Kutoka pale uwanjani ngitili ilionekana vizuri. Upande wa mbali nyasi zilikuwa zimeliwa hadi udongo, upande wa karibu zimebaki za kutosha mifugo michache, kwa majuma machache. Ngitili ingefunguliwa Agosti, na mwenyekiti ndiye husema nani aanze kuingiza ng'ombe na nani asubiri. Nyamizi alikuwa akimtazama. Kabula aliona anatazamwa, naye alimheshimu Nyamizi kuliko mtu yeyote pale.

Akaitia nyama yote mdomoni ili mkono uwe wazi, akaunyoosha.