Sifuri ya Mwisho

Mguu wa kaka yangu ulianza kujitembeza mwezi wa tano baada ya ajali. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa chumbani, redio kifuani mwake. Goti likapanda taratibu chini ya shuka kama mtu anayetaka kuamka, kisha likaanguka.

Shangazi alidondosha bakuli. Akasema mguu ule umepata mpangaji, na kaka asipoangalia atatolewa vyombo nje. Kaka alicheka mpaka machozi, halafu akanigeukia na macho ya mtu aliyeona mlango ukifunguka.

"Mdogo wangu, msomi wa migongo ni wewe. Sema."

Nilisema. Alikuwa fundi wa paa. Alipoanguka, pingili ya kumi ya kifua ilivunjika na kuubana ugwe, kamba ya neva inayopita ndani yake. Nikamweleza kwamba ugwe si wa kupeleka amri tu. Shuka likikwaruza unyayo, habari hupanda hadi mgongoni, na mgongo hujibu papo hapo bila kuuliza kichwa. Kijiji kilichokatiwa barabara bado kinapika.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

Tangu hapo goti lilipanda kila siku, nami nikaanza kulisikia hata kazini, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, mgonjwa mwingine akiwa mbele yangu. Nilijua linataka nini.

Wiki ile ya kwanza baada ya ajali, mimi ndiye niliyempima. Daktari alikuwa na wagonjwa hadi mlangoni, akanipa fomu. Kila jozi ya neva ina kipande chake cha ngozi, nawe unashuka na pini na pamba: ya nne ya kifua chuchuni, ya kumi kitovuni. Kaka alijibu mpaka kitovuni. Mapajani kimya, vidoleni kimya. Lakini ramani haiishii vidoleni. Jozi za chini kabisa hurudi nyuma, kwenye ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa, na hapo ndipo hukumu ilipo. Anayehisi hapo, hata kidogo, ugwe wake haujakatika wote.

Kaka yangu, tumbo moja. Nilitazama ukuta, nikaandika sifuri bila kumgusa hapo.

Kwa sifuri hiyo wodi ya mazoezi ilimkataa. Vitanda vyake vichache hupewa wenye dalili ya kupona. Mara mbili alinilalamikia kuwa akioshwa huhisi kama baridi huko nyuma. Nilimwambia mwili una kumbukumbu zake.

Mwishowe nilimwendea Koplo, muuguzi anayetembea kama yuko gwarideni, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikumwita siku ile, maana alikuwa chumba cha pili anakunywa chai.

Tulimleta kaka kesho yake asubuhi. Nilisimama nje ya pazia. Koplo alimwambia ageuke, asione haya, migongo yote inaishia pabaya. Kaka akajibu kwamba kwa mikono ya baridi namna ile, hata maiti angelalamika.

Kisha goti likagonga ukingo wa kitanda, mara moja, mara mbili, kama mgeni anayebisha hodi kwa mtu anayemjua kuwa yumo ndani.

"Pini," alisema kaka. Baada ya kitambo, "Pamba." Kisha, "Hapo hujagusa."

Nilisikia kalamu ya Koplo ikiandika.

"Mdogo wangu, upo hapo nje?"

"Nipo."

"Siku ile uliponipima hapa, nilijibu nini?"

Nilifungua pazia. Alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, mgongo wake wazi, pingili zimetokeza moja moja hadi kwenye kovu.

"Hukujibu. Sikukuuliza."

Hakugeuka. Goti lilipanda tena. Nililishika kwa mikono miwili lisigonge, lakini lilinishinda nguvu.