Naenda Narudi

Kochi, mji wa bandari kusini mwa India, mtu haagi kwa kusema "naenda" tu. Ni mkosi, kama anayekwenda kufa. Husema "naenda narudi", hata akienda sokoni.

Philomina alichambua tangawizi kavu katika ghala la Bwana Mansukh miaka thelathini na minane. Siku ghala lilipofungwa ili ligeuzwe mkahawa wa watalii, aliapa kumwambia tajiri yule "naenda", basi, neno hilo la mkosi limkae rohoni. Lakini ulimi una mazoea yake.

"Naenda narudi, tajiri."

Shoga yake Ayishu alicheka hadi akashika ukuta. "Unarudi kufanya nini, dada? Kuwa kiti?"

Mkahawa ulipofunguliwa, Philomina aliingia na sari yake ya kazi, yenye madoa ya chokaa inayopakwa tangawizi isiliwe na wadudu, akaketi palepale alipokuwa akichambulia, akaagiza chai ya tangawizi. Mansukh aliileta mwenyewe, macho chini.

Philomina akaonja, akakisukuma kikombe.

"Tangawizi hii haijakauka. Nani kawachambulia?"

Mansukh akatupia jicho gunia la tangawizi lililoegemea mlango wa jiko.

"Nilijua hakuna," alisema Philomina, akikunja ncha ya sari kiunoni. "Haya, leta gunia."