Muhuri Umelala

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Dasara, sikukuu ya Wahindu, ofisi yetu ya sheria ya manispaa haifanyi kazi, inaombewa. Tulikwisha kupanga vyombo vyote mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu: kalamu, mashine ya chapa, muhuri, hata stepla, vimevishwa maua na kupakwa unga mwekundu. Chombo kikishawekwa pale hakiguswi mpaka sikukuu iishe; anayekigusa huiletea nyumba yake balaa. Tuliyemsahau ni saa ya ukutani, ndiyo maana yeye peke yake aliendelea kuchapa kazi.

Simu ikalia. Msimamizi wetu, Girijamma, akasikiliza, kisha akakaa taratibu kama mtu anayepapasa kiti gizani.

"Wakili anasema jaji amebadili tarehe. Majibu yetu yapokelewe leo kabla mahakama haijafungwa. La sivyo zuio la mahakama linakufa na mkandarasi anafukia bwawa."

Hakuna aliyeuliza bwawa gani. Girijamma ni binti wa madobi. Mama yake alifua pale, kaka zake wanafua pale hadi leo, na katika ukoo wao yeye ndiye wa kwanza kukalia kiti chenye magurudumu.

Hati ya kiapo yenye majibu hayo ilikuwa imeshasainiwa. Ilikosa muhuri tu.

"Mzee Thippeswamy, nipe muhuri."

Mzee, mtunza muhuri wetu, akarudi nyuma. "Mama, muhuri umelala."

"Uamshe!"

"Mama, mimi nina wajukuu."

"Nanjunda, wewe?"

Karani Nanjunda akashika masikio yake kuomba radhi. "Mke wangu mjamzito, Mama. Usinitie katika hili."

"Nitawaandikia barua za onyo nyote!"

"Kwa kalamu ipi, Mama?" nikasema. Mimi mpiga chapa, ulimi wangu huwa unatangulia. Safari hii hakucheka mtu. Macho ya Girijamma yalikuwa yamejaa machozi.

Akavua viatu, akapiga magoti, akanong'ona jambo, akautoa muhuri chini ya maua. Mzee Thippeswamy akageukia ukuta. Muhuri ukagonga, ukaacha duara jekundu lisilosomeka. Akausugua kwa ncha ya sari, akagonga tena. Jina la manispaa likatokea.

"Puttaraju," akaniambia, "washa pikipiki."

Mahakamani, kwenye dirisha la mapokezi, karani alikuwa anakula peremende za sadaka. Nyuma yake niliona picha, maua, na muhuri wake umelazwa vilevile.

"Dada, njoo baada ya Dasara."

"Baada ya Dasara hakuna bwawa. Kaka yangu, tazama mikono yangu. Wa kwangu nimeuamsha."

Akavitazama vidole vyekundu vya Girijamma. "Basi mungu akusamehe. Mimi sina moyo huo."

Akafunga dirisha. Girijamma akaligonga mpaka kiganja kikamwuma. Nilitafuta mzaha wa kumwinua, sikuupata.

Bwawani tulikuta malori ya udongo yamepangwa ukingoni, mashada ya maua puani, malimau chini ya magurudumu. Kaka zake walikuwa wanaanua shuka zingali zinachuruzika maji. Madereva walingoja tu mkandarasi amalize kupasua nazi ya kuyaombea. Lori likishaombewa, husogea kwanza kwa kuponda malimau yake. Asiyeyaponda hafiki salama, na sijaona dereva anayetaka kujaribu.

Girijamma akainama. Akaokota limau, akaokota jingine, akapita kila lori akiyatia kwenye sari mpaka ikavimba. Kisha akaketi matopeni mbele ya gurudumu la kwanza.

"We mama! Rudisha malimau!" dereva akapiga kelele.

"Njoo uyachukue."

Dereva akazima injini. Mkandarasi akaja anafoka, akamtupia mtu wake noti. "Kimbia sokoni, lete mengine!"

Girijamma akanivuta shati.

"Puttaraju, mtangulie. Nunua yote."

"Malimau yote ya mji, Mama? Mkesha wa Dasara?"

"Yote, mwanangu."

Sikumcheka. Nikawasha pikipiki.